Deni Hulindwa Kabla Mzigo Haujatoka Ghalani

(Hotuba ya Idara ya Mauzo na Mikataba, iliyosomwa mbele ya Wajumbe wa Vyama vya Msingi katika maadhimisho ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumepewa nafasi katika siku ambayo wengi wangependa zaidi kusikia ngoma kuliko kusikia habari za madeni. Bodi imetuagiza tueleze Mkataba mpya wa Mauzo, ambao mtaupigia kura kesho asubuhi, na hasa vile vifungu ambavyo baadhi yenu mmevilalamikia kuwa ni vikali mno na kwamba vitawafukuza wanunuzi. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mnunuzi aliyefukuzwa ni hasara, kama vile mnunuzi asiyelipa alivyo hasara. Tofauti ni kwamba hasara ya kwanza huonekana siku ile ile, magunia yakiwa yamelala uwanjani, na hasara ya pili hujificha vitabuni mpaka mkaguzi aje kuifichua.

Kwanza yafaa tuulize: mnunuzi asipokilipa Chama Kikuu, deni hilo ni la nani?

Chama Kikuu hakina shamba. Alizeti na mahindi yaliyomo ghalani ni jasho lenu, nacho hubakiza ushuru mdogo tu kwa kila kilo kwa ajili ya kuendeshea kazi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kilo moja ya alizeti yauzwa shilingi 1,000, na katika hizo Chama hubakiza shilingi 40. Mnunuzi akichukua tani 10 asilipe, zimepotea shilingi 10,000,000. Chama kitazirudisha kwa fedha gani? Hakina nyingine ila zile shilingi 40. Gawanyeni wenyewe: yatakiwa kilo 250,000, yaani tani 250, zipimwe, zishonewe magunia, zipakiwe, ziuzwe na kulipwa vizuri, na katika muda huo wote Chama kisinunue hata kalamu, ndipo shimo la tani 10 lifukiwe. Kilo moja isiyolipwa hula ushuru wa kilo ishirini na tano zilizolipwa. Na kwa kuwa mlinzi hana budi kupata mshahara wake na ghala halina budi kulipiwa kodi, shimo hilo mwishowe hufukiwa kwa malipo yenu ya pili. Mkulima aliyekuwa akingoja fedha hizo apeleke mtoto shuleni ndiye aliyemkopesha mnunuzi, ilhali hajapata hata kumwona uso.

Biashara ya namna hii si ngeni katika nchi zetu. Wazee waliiita mali kauli. Katika karne ya 19 wenye misafara walichukua nguo, shanga na nyaya za shaba kwa matajiri wa Unguja, wakaahidi kulipa watakaporudi na pembe kutoka bara. Mali ilikwenda, ikabaki kauli. Lakini matajiri wale hawakuwa wajinga: walijua kwamba msafara waweza kupotea, na kwa hiyo walitoza riba nzito ili msafara mmoja uliorudi ulipie ule uliopotea. Sisi je? Twatoa mali kauli kwa bei ile ile ya fedha taslimu. Mnunuzi akaaye na alizeti yetu miezi miwili bila kulipa amepata mkopo usio na riba, na aliyemkopesha hana hata karatasi ya kuonyesha.

Labda sababu yake ni mazoea. Mkulima wa nchi hii kwa muda mrefu alikuwa upande wa pili wa daftari: yeye ndiye aliyedaiwa na duka, akasubiri mavuno ili alipe chumvi na jembe. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoanza kuungana mwaka 1925, na KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933 chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, shabaha ilikuwa kuuza pamoja ili kupata bei. Kuuza pamoja kukazaa jambo jipya, yaani kudai pamoja, na kudai kuna elimu yake.

Sasa tuuingie Mkataba wenyewe. Hatutasoma kifungu kwa kifungu, maana nakala mnazo. Tutakaa pale penye ugumu.

Kifungu cha nne chasema mnunuzi atatoa arbuni ya robo ya bei siku ya kutia sahihi, na baki ataikamilisha kabla lori halijapita mizani ya kutokea. Hicho ndicho kifungu chenye nguvu kupita vyote, na tungeweza kuishia hapo kama kila mnunuzi angekuwa na fedha mkononi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa muuzaji ambaye hajalipwa haki za kujilinda. Aweza kuishikilia mali iliyo mikononi mwake mpaka alipwe. Aweza kuisimamisha njiani ikiwa mnunuzi amefilisika. Tena aweza, akiisha kumpa mnunuzi taarifa na muda wa kutosha, kuiuza kwa mwingine. Haki hizo ni nzuri, lakini zina udhaifu mmoja: hupungua nguvu kila hatua mzigo unapomwelekea mnunuzi, na mzigo ukiisha kumfikia, kushikilia na kusimamisha kumekwisha.

Makatibu wasikilize hapa, kwa kuwa jambo hili liko mikononi mwao. Mnunuzi akileta lori lake mwenyewe na dereva wake, mzigo umemfikia pale pale langoni petu. Hakuna tena njia ya kuusimamisha, kwa kuwa hakuna safari iliyobaki ambayo ni yetu. Tukituma sisi kwa msafirishaji wa kukodi, mambo huwa mengine. Njia ingalipo, na simu moja kwa msafirishaji yaweza kuokoa magunia mia tatu. Ndiyo sababu Mkataba umetenganisha namna mbili za kuchukua mzigo: mwenye lori lake alipe yote kwanza. Na hundi si malipo mpaka benki iithibitishe. Ni kweli kwamba sheria humhesabu muuzaji aliyepokea hundi ikakataliwa kuwa bado hajalipwa, lakini atakuwa ni muuzaji asiyelipwa na asiye na mali, na huyo hana tofauti kubwa na mtu aliyeibiwa.

Basi, wako wanunuzi wasioweza kulipa kabla. Mwenye kinu cha kukamua mafuta, hasa yule mdogo ambaye twapenda astawi kwa kuwa yuko karibu nasi, hana fedha mpaka auze mafuta. Tukimkatalia kabisa, twamwachia mnunuzi mkubwa wa mbali uwanja wote, naye atapanga bei atakavyo. Kwa mtu huyo limewekwa sharti la kubakiza milki: alizeti itakuwa ghalani kwake, lakini itaendelea kuwa mali ya Chama mpaka senti ya mwisho ilipwe.

Wengi wenu mmelipenda sharti hili, na wengine mmesema kwamba likiwepo hakuna haja ya mengine. Tungependa kukaa hapa kidogo, maana sharti hili huahidi zaidi ya linavyoweza kutoa.

Lilipata sifa mwaka 1976, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipoamua shauri la kampuni ya Uholanzi, Aluminium Industrie Vaassen, na kampuni iitwayo Romalpa. Waholanzi waliuza karatasi za alumini kwa sharti kwamba milki haitahama mpaka walipwe. Romalpa ikaanguka, huku ikidaiwa nao zaidi ya pauni 120,000. Benki nayo ikaweka msimamizi wake akusanye mali. Ndani ya ghala zilikutwa karatasi za alumini za thamani ya kadiri ya pauni 50,000, na kulikuwa na kadiri ya pauni 35,000 zilizopatikana kwa kuuza nyingine. Waholanzi wakafungua mkataba wao wakasema, hivi ni vyetu. Mahakama ikawapa. Wadai wasio na sharti wala dhamana hawakuwa na cha kushika. Tangu siku hiyo kila muuzaji alitaka mkataba wake uwe na kifungu cha Romalpa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, mahakama hiyo hiyo ilisikiliza shauri la Borden, waliokuwa wakiuza gundi kwa Scottish Timber Products, watengenezaji wa mbao za kugandisha vipande vya miti. Nao walikuwa na sharti lao la milki. Lakini gundi ilikuwa imekwisha tiwa katika mbao. Majaji wakasema kwamba gundi haipo tena. Kilichopo ni mbao, na mbao si ya muuzaji wa gundi. Mwaka 1983 muuzaji wa ngozi naye alikuta ngozi zake zimekuwa mikoba, akashindwa. Kinyume chake, muuzaji wa injini za dizeli alishinda, ijapokuwa injini zake zilikuwa zimekwisha fungwa katika mitambo ya umeme. Kila injini ilikuwa na namba yake, na iliweza kufunguliwa bolti ikatoka ilivyoingia.

Mashauri hayo ya Uingereza hayawafungi mahakimu wetu, lakini wanaweza kuyatazama, kwa kuwa sheria yetu ya mauzo imefuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Jiulizeni basi: alizeti yetu ni injini, au ni gundi?

Ikiwa katika magunia yenye alama ya Chama, imepangwa peke yake katika ghala la mwenye kinu, ni injini. Karani wetu aweza kuingia, akahesabu magunia, akaondoka nayo. Ikiisha kumwagwa katika fungu moja na alizeti ya watu wengine, tumeanza kushindana nani mwenye punje ipi. Ikiisha kupita katika kinu, ni gundi: mafuta yamo katika madumu, mashudu yamekwenda kwa wafugaji, na sharti letu limeshika upepo. Mtasema, basi tuandike kwamba na mafuta ni yetu. Yaweza kuandikwa, lakini mahakama za Uingereza mara nyingi zimeyaita maneno ya namna hiyo kuwa ni rehani iliyojificha, na rehani juu ya mali ya kampuni isiposajiliwa kwa Msajili wa Makampuni haimzuii mfilisi wala benki. Zaidi ya hayo, mtu aliyeyanunua mafuta sokoni kwa nia njema, bila kujua habari zetu, hanyang'anywi.

Ndiyo maana kifungu cha saba ni kirefu, na wengi wenu mmekiona kuwa cha usumbufu. Chataka magunia yawe na alama. Chataka yapangwe peke yake. Charuhusu karani wa Chama kuingia ghalani kwa mnunuzi saa yoyote ya kazi, akague. Na juu ya yote, chasema alizeti itatolewa fungu kwa fungu, na fungu la pili halitapakiwa kabla la kwanza halijalipwa. Maneno haya ya mwisho, kwa maoni yetu, yana faida kuliko milki yote iliyobakizwa. Milki hutupa haki ya kudai kilichobaki. Fungu kwa fungu hupunguza kinachoweza kupotea. Mwenye kinu akitushinda, atakuwa ametushinda kwa lori moja, si kwa msimu mzima.

Sasa kuhusu mnunuzi mwenyewe: ni nani hasa?

Chama kimoja cha Msingi, ambacho hatutakitaja, kiliuza mahindi kwa bwana mmoja aliyevaa vizuri, mwenye ofisi mjini na lori zuri lenye jina ubavuni. Nusu ya bei ililipwa. Nusu nyingine ilipodaiwa, ilionekana kwamba mnunuzi hakuwa yule bwana, bali kampuni. Na kampuni hiyo haikuwa na kitu. Ofisi ilikuwa ya kupanga. Lori lilikuwa la ndugu yake. Bwana mwenyewe alikuwa na nyumba mbili na duka, lakini hivyo havikuguswa, wala hakimu hakukosea.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Huko London alikuwako fundi viatu aitwaye Aron Salomon, aliyeiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwaka 1892. Wenye hisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano, na karibu hisa zote zilikuwa zake. Kampuni ikafilisika. Waliowakopesha wakasema kwamba kampuni na Salomon ni mtu yule yule. Mwaka 1896 baraza la juu la hukumu la Uingereza likakataa: kampuni ni mtu mwingine, ina madeni yake, na Salomon ana mali yake. Sheria yetu ya makampuni imesimama juu ya msingi huo huo. Kampuni ni chombo halali na chenye manufaa, wala hatusemi kwamba kila mwenye kampuni ni mdanganyifu. Twasema tu kwamba anayeuziwa ndiye anayedaiwa, nasi tumjue kabla hajachukua mali.

Dawa yake ni dhamana. Kifungu cha tisa chataka mkurugenzi wa kampuni inayochukua kwa mkopo atie sahihi mara mbili: mara ya kwanza kwa niaba ya kampuni, na mara ya pili kwa jina lake mwenyewe, akikubali kulipa ikiwa kampuni haikulipa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, humfanya mdhamini adaiwe sawasawa na mdaiwa, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Mtu atakayedhaminia kwa nyumba ya ndoa ajue kwamba ridhaa ya mwenzi wake yatakiwa. Tumeandika hivyo ili asije baadaye mke au mume kusema kwamba hakuambiwa, akawa anasema kweli.

Lakini dhamana ina mtego, na mtego huu huwanasa watu wema. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mdai na mdaiwa wakiubadili mkataba bila mdhamini kukubali, mdhamini huachiliwa. Mdai akifanya mapatano na mdaiwa ya kumwongezea muda, hali kadhalika. Fikirini basi: mnunuzi aja kwa Katibu, ana huzuni, asema mke ni mgonjwa na kinu kimeharibika. Katibu ni mtu wa huruma. Aandika barua: "Tumekubali ulipe mwezi wa tisa badala ya mwezi wa saba." Apiga mhuri. Kwa barua hiyo moja ya huruma aweza kuwa amemfungulia mdhamini mlango, na dhamana ambayo Chama kilihangaikia wiki mbili imekuwa karatasi ya kufungia karanga. Si vibaya kumwongezea mtu muda. Mara nyingi ndiyo njia ya busara, maana mdaiwa aliyebanwa mpaka kinu chake kikauzwa hatalipa tena daima. Ila barua hiyo itiwe sahihi na watatu: Chama, mnunuzi na mdhamini. Kifungu cha kumi na tatu chasema hakuna mabadiliko yatakayokuwa halali isipokuwa kwa maandishi yenye sahihi hizo, na kwamba mtu wa Chama anayeweza kuzitoa ni Meneja kwa idhini ya Bodi. Maneno ya simu, hata yakitumwa kwa maandishi usiku, si mabadiliko ya mkataba. Makatibu wawili wametuambia kwamba kifungu hicho chawavunjia heshima. Sisi twaona kwamba chawalinda. Mnunuzi anayebembeleza mlangoni saa mbili usiku ataambiwa, kwa kweli na bila uongo, kwamba Katibu hana uwezo huo.

Riba ya kuchelewa haitahitaji maneno mengi. Imeandikwa kwa kiwango cha mwezi, nacho kimefuata kile ambacho Chama chenyewe hulipa benki kikikopa ili kuwalipa ninyi. Wako waliotaka tuweke faini kubwa, kwamba asiyelipa kwa siku thelathini alipe mara mbili. Tumekataa. Sheria ya Mikataba husema kwamba hata kama kiasi kimetajwa, mahakama itatoa fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo faini ya kutisha haimtishi wakili wa mnunuzi. Katika shauri la Dunlop la mwaka 1914 majaji wa Uingereza walikubali pauni 5 kwa kila mpira wa gari uliouzwa kinyume cha mapatano, kwa kuwa waliona ni makadirio ya kweli ya hasara na si kitisho. Riba yetu yaweza kuelezwa mbele ya hakimu kwa kumwonyesha barua ya benki. Faini ya mara mbili ingeelezwa kwa nini? Kwa hasira yetu?

Kadhalika limeandikwa kwamba alipaye kwa mafungu akikosa fungu moja, deni lote huiva siku hiyo. Bila maneno hayo Chama kingedai fungu moja moja, na kila moja kwa nauli yake ya kwenda mahakamani.

Kwa habari ya mahakama, mkataba umesema mashauri yatapelekwa katika mahakama ya mkoa wetu. Wanunuzi wakubwa huleta mikataba yao iliyokwisha pigwa chapa, na ndani yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la mji wa mbali, ama baraza la usuluhishi ambalo ada yake tu hushinda deni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkataba umeandikwa kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama, isipokuwa penye sababu maalumu, na hivyo mwanachama aliyetia sahihi aweza kuusoma mwenyewe mbele ya hakimu. Mkataba unaotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu ulipiwe, kwa kuwa usipolipiwa hautapokewa kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini vitolewe.

Tena kuna habari ya muda. Sheria ya mwaka 1971 yatoa miaka 6 kudai deni la mkataba. Ikipita, mlango wa mahakama umefungwa hata kama mdaiwa acheka hadharani. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake kabla ya miaka hiyo kwisha, hesabu ya muda huanza upya. Kila mwisho wa msimu, basi, karani atapeleka kwa kila mdaiwa karatasi ya salio atie sahihi. Mdaiwa mwema hatasita, na kusita kwa mwingine ni habari ya kupelekwa kwenye Bodi mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari, nalo daftari lenye sahihi ya mdaiwa lina nguvu kuliko madaftari kumi yenye sahihi zetu sisi.

Tumebakiza pingamizi lililo kubwa. Msimu uliopita alikuja mnunuzi aliyetoa shilingi 50 kwa kilo kuliko wenzake wote. Alitaka tani 120, zote kwa mkopo wa siku arobaini na tano, na alikataa kifungu cha tisa. Alisema hajawahi kudaiwa dhamana popote, na kwamba kuombwa ni kutukanwa. Bodi ikamwachia aende. Wanachama wengi walinung'unika, na mmoja alisimama katika mkutano wa tarafa akasema kwamba Bodi imewanyang'anya wakulima shilingi milioni 6. Hesabu yake ni sahihi. Kilo 120,000 mara shilingi 50 ni shilingi 6,000,000, wala hatutaki kumjibu kwa kusema kwamba mnunuzi yule asingelipa. Hatujui. Yawezekana angelipa siku ya arobaini na nne.

Jibu letu ni jingine. Kwa kuikimbilia milioni 6, tungekuwa tumeweka zaidi ya shilingi milioni 120 za watu mikononi mwa kampuni ambayo mwenyewe, aliyeijua kuliko sisi, hakuwa tayari kuidhamini. Yeye ndiye aliyeona vitabu vyake. Akikataa kuweka jina lake chini ya deni la kampuni yake, ametupa habari iliyo muhimu kuliko bei. Na kama kweli aliona ni tusi, alikuwa na njia nyingine tatu: kulipa taslimu, kuleta dhamana ya benki, au kuchukua fungu kwa fungu. Alipewa zote. Tunamshukuru yule mwanachama kwa kusimama na kusema, na tungependa kesho asimame tena, maana kura iliyopigwa bila hoja yake kusikilizwa haitaheshimiwa msimu ambapo bei ni mbaya.

Tunakubaliana na waliosema kwamba mkataba huu ni mzito kwa mnunuzi mdogo wa gulioni anayechukua magunia matano. Kwake tumeandika karatasi ya ukurasa mmoja, ambayo haina dhamana wala milki: atalipa, ndipo achukue. Na wale wanaohofu kwamba makarani hawataweza kazi hii, mafunzo yatakuwa ya siku tatu kabla ya mizani kufunguliwa, na mkaguzi ataombwa atazame mafaili ya wadaiwa kwanza kabla ya kitabu cha fedha.

Nakala za Mkataba ziko mezani kwa Karani wa Mkutano, pamoja na mfano wa hati ya dhamana na karatasi ya salio. Vyama vinane vimeomba kwa maandishi kifungu cha tisa kijadiliwe kabla ya vingine, na Bwana Mwenyekiti amekubali. Wakili wa Chama atakuwapo tangu saa mbili asubuhi, nasi tutakaa hapa mbele mpaka swali la mwisho liulizwe.